Laptopu tununue wapi, na lini?



Tangu tuonekane na laptopu pale shuleni, hakuna wiki inapita bila mtu kutuuliza maswali mawili: mlinunua wapi, na kwa nini hamkungoja? Mwingine ana mtoto aliyepata nafasi ya kusoma kwa intaneti. Mwingine anataka kufungua kazi ya kuchapa karatasi. Mwingine ametumiwa pesa kidogo na ndugu aliye Ulaya, anaogopa kuila. Basi tumeona tuandike mara moja, kila mtu asome, kwa sababu mambo haya ni mengi na barabarani hatuwezi kuyamaliza.

Sisi ni walimu watano wa kujitolea hapa Nakivale. Kambi yetu mnaijua: iko wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda, na ilianza kupokea wakimbizi mwishoni mwa miaka ya 1950, kabla wengi wetu hatujazaliwa, hata kabla wazazi wa wengine wetu hawajazaliwa. Watu wamekuja na kuondoka, wengine wamezeeka hapa. Hilo tunalisema mapema kwa sababu linahusu laptopu, mtaona mbele.

Kwa nini tuliihitaji

Shule ina madarasa manne ya juu, P.4 hadi P.7, na kila darasa lina masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Hiyo ni karatasi 16 za mtihani. Karatasi moja kwa kawaida inakuwa na kurasa 4, basi jumla kurasa 64. Pale tulipokuwa tunachapisha, ukurasa mmoja ulikuwa shilingi 1,500. Mtihani mmoja ukatugharimu shilingi 96,000. Tunafanya mitihani miwili kila muhula, na mihula ni mitatu kwa mwaka. Piga hesabu: shilingi 576,000 zinakwenda kwa kuchapa maneno tu, kabla hata ya kutoa nakala.

Zaidi ya hapo, mmoja wetu alikuwa amekubaliwa kusoma masomo ya juu kwa intaneti. Alikuwa anaandika kazi za kurasa kumi kwa simu, kwa kidole gumba kimoja, usiku. Simu ni nzuri kwa kusoma ujumbe. Kwa kuandika kazi ya shule ni mateso.

Tukaanza kuchanga kama likelemba, ila pesa haikuzunguka, ilikaa. Kila mwalimu alitoa shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka kwenye ile motisha yetu ndogo. Kwa miezi tisa tukafika shilingi 900,000. Kamati ya wazazi ikaongeza 100,000. Tukawa na milioni moja kamili.

Tungoje?

Pesa ilipotimia, mabishano yakaanza. Mzee mmoja wa kamati alituambia kwa upole: "Wanangu, nyinyi wengine mna mchakato wa kwenda Amerika. Kwa nini kununua kitu kizito hapa? Mtakwenda kukuta vipya kule, kwa bei ndogo."

Mzee hakusema vibaya. Watu wengi hapa wanaishi hivyo. Kitanda kizuri tutanunua kule. Mtoto ataanza kozi kule. Meno tutatengeneza kule. Lakini wote tunakumbuka mwezi wa kwanza 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Kulikuwa na familia ambazo zilikuwa zimeshauza kuku, zimegawa masufuria na kuaga majirani. Zikabaki zinaazima sufuria zilizogawa zenyewe. Hatuwacheki hata kidogo, maana ilikuwa inaweza kuwa nyumba yoyote kati yetu.

Dada mmoja kati ya sisi watano, ambaye familia yake ilikuwa kwenye orodha hiyo, ndiye aliyejibu. Alisema: "Mzee wangu, safari ikija, nitaiacha laptopu shuleni na nitaondoka. Isipokuja, watoto wa P.7 watakuwa wamefanya mtihani unaosomeka. Kwangu zote mbili ni sawa." Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi nendeni na Mungu." Tukaelewana kwamba kitu ambacho kazi yake iko mwaka huu, kinunuliwe mwaka huu.

Je, ndugu wa ng'ambo atume?

Hili nalo tulilifikiria. Mmoja wetu ana kaka Ubelgiji, mwingine ana shangazi Marekani. Mashine za huko nyingi zimetunzwa vizuri. Lakini kuna mambo ya kuuliza kabla hujamwambia shemeji apeleke mzigo posta.

La kwanza ni umeme. Marekani wanatumia volti 120, hapa Uganda ni 240. Angalia maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100-240V, itafanya kazi huku bila shida, utabadilisha waya wa ukutani tu uwe wa pini tatu. Chaja nyingi za laptopu ziko hivyo.

La pili ni vitufe. Laptopu ya Ubelgiji au Ufaransa herufi zake zimepangwa kwa mtindo wa AZERTY. Kwa sisi tuliosoma Kongo au Burundi si kitu kigeni, lakini mtoto anayesoma Uganda anafundishwa QWERTY, atachanganyikiwa.

La tatu, mara nyingi garanti inabaki kule ilikonunuliwa. Ikiharibika hapa, hakuna wa kumdai. Tena mzigo wenye betri ya lithiamu una masharti yake kwenye ndege, na ukifika unaweza kukutana na kodi na ada. Njia iliyo salama ni mtu anayekuja mwenyewe, aibebe mkononi ndani ya ndege. Sisi hatukuwa na mtu anayekuja.

Kununua ndani ya kambi

Pale New Congo unaweza kupata laptopu, si nyingi. Mara nyingi ni ya mtu anayehitaji pesa haraka. Faida ni kwamba unamjua muuzaji na nyumba yake. Hatari ni kununua kitu kilichoibiwa bila kujua. Ukinunua hapa, muandikishane kwenye karatasi mbele ya kiongozi wa RWC, namba ya mashine iandikwe, na wote mtie sahihi. Muuzaji akikataa karatasi, wewe kataa mashine. Sisi tuliona mbili. Moja skrini ilikuwa na mistari, nyingine ilikuwa inaomba neno la siri ambalo muuzaji hakulijua. Tukashukuru, tukaenda zetu.

Safari

Tulichagua wiki ya pili ya mwezi wa 11, 2025. Watoto wa P.7 walikuwa wamemaliza mtihani wao wa taifa, na bado mwezi wa 12 haujafika. Mnajua vile mwezi wa 12 ulivyo: nauli za basi zinapanda kila siku kadiri Noeli inavyokaribia, na mjini kila mtu ana haraka. Mwezi wa kwanza nao ni wa sare na ada za shule, na safari hii ulikuwa pia mwezi wa uchaguzi mkuu. Mwezi wa 11 watu wana nafasi, muuzaji anaweza kukusikiliza.

Tulikwenda wawili. Pesa tuliiacha kwenye simu, hatukubeba noti, ingawa kutoa kuna ada na kodi yake. Vitambulisho vya ukimbizi vilikuwa mfukoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, na hilo ni jambo kubwa, ndugu zetu walio kwenye kambi za nchi nyingine wanalijua. Hata hivyo usisafiri bila kitambulisho.

Saa kumi na mbili asubuhi taksi iliondoka Base Camp. Vumbi jekundu mpaka Kabingo, halafu lami. Huku na huku ni migomba ya matoke, kilima baada ya kilima, na akina baba wakisukuma baiskeli zilizobeba mikungu mitatu mitatu. Nauli ilikuwa shilingi 12,000 kila mtu.

Mbarara ni mji ambao tumeuzoea kwa hospitali na karatasi, lakini siku ile tuliutembea kwa macho mengine. Tangu 2020 unaitwa jiji. Kwenye High Street na mitaa ya karibu tulihesabu maduka saba yenye laptopu dirishani. Tuliingia yote saba. Hatukununua chochote. Tulikuwa na kalamu na daftari, tukaandika aina, bei na siku za garanti. Muuzaji mmoja, mama mtu mzima, alicheka: "Mwalimu, umekuja kunipa mtihani?" Akatupa kiti na akatuwashia mashine tatu bila kutuuliza kama tuna pesa.

Mmoja wetu alikuwa na shughuli ya karatasi za familia Kampala, basi tukasema twende wote, tuone na bei ya kule. Basi likachukua shilingi 30,000 kila mtu kwa karibu kilomita 270. Ukitoka Mbarara unaona ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, halafu Lyantonde, halafu Masaka. Lukaya basi likasimama na vijana wakaleta nyama na ndizi za kuchoma dirishani. Kayabwe ndipo unapovuka ikweta. Watu wazima ndani ya basi walikuwa wamelala, watoto ndio waliosimama kuangalia.

Kampala

Usiku tulilala kwa ndugu Katwe, ambako Wakongo wengi wanaishi. Mwenyeji wetu ana mdogo wake, kijana wa Bukavu, ambaye kazi yake ni kutengeneza simu na kompyuta. Huyu kijana ndiye mwalimu wetu wa kweli. Alitwambia: "Yaya, bei iwe ya mwisho. Kwanza muulize mashine ina umri gani."

Alitufafanulia jambo ambalo kila familia inafaa ilijue. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10. Mashine yenye Windows 10 haizimiki, inaendelea kufanya kazi, lakini haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama. Sasa Windows 11 haikubali mashine za zamani. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida inataka kizazi cha 8 na kuendelea. Ndiyo maana ofisi nyingi duniani zimetoa mashine zao za zamani, na zinauzwa rahisi. Mtu anaona laptopu nzuri kwa bei ndogo anafurahi, hajui kwa nini imeshuka.

Kujua kizazi si kazi ngumu. Soma namba ya prosesa. Ikiwa i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ni kizazi cha 6, imepitwa. Ikiwa i5-8250U, ni kizazi cha 8, inafaa.

Asubuhi tuliingia Kampala Road na mitaa iliyo chini yake, William Street, Luwum Street na Wilson Road. Kelele, mikokoteni, vijana wanakushika mkono: "Ssebo, njoo huku! Laptopu, simu, chaja!" Maduka yako juu ya maduka, ghorofa kwa ghorofa. Kweli bei iko chini. Lenovo ThinkPad T480 tuliyoiona Mbarara kwa 930,000, hapa tuliikuta kwa 850,000.

Kwenye duka moja ambalo hatutalitaja, tulijaribu mashine ikawa safi. Tulipouliza habari ya kulipa, kijana akaenda nyuma na kurudi na nyingine iliyofungwa tayari kwenye karatasi. Tukamwambia tunataka ileile tuliyoshika. Akasema ni sawa tu, ndugu moja. Tukaomba risiti tuisome kwanza: chini imeandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tukatoka.

Si kwamba Kampala hakuna waaminifu. Wapo wengi, na kijana wa Katwe alitupeleka kwa wawili. Lakini tulikaa kwenye ngazi tukafungua daftari.

Hesabu ya ngazini

Kampala ilikuwa na nafuu ya shilingi 80,000. Sasa chukua kwamba baada ya wiki mbili skrini inazima. Mtu mmoja kutoka Nakivale hadi Kampala na kurudi ni shilingi 84,000 kwa nauli peke yake, bado chakula, bado siku mbili bila kufundisha. Kutoka Nakivale hadi Mbarara na kurudi ni 24,000, na jioni uko darasani unasahihisha madaftari. Ile nafuu yote inamezwa na safari moja ya kurudisha. Na mtu ambaye hawezi kurudi, garanti yake ni karatasi tu.

Ndugu wasomaji, hili ndilo tulilotaka kuwaambia. Sisi wakimbizi tunanunua vitu mbali na kwetu, mahali ambapo hatuna mjomba wa kutusemea dukani. Kwa hiyo nunua pale unapoweza kurudi kwa miguu yako na kwa pesa iliyo mfukoni mwako. Anayeishi Kampala anunue Kampala. Wa Nakivale anunue Mbarara, hata kama bei imezidi kidogo.

Tukapanda basi, tukarudi kwa yule mama wa daftari. T480 ileile ilikuwa bado ipo. Tukaomba apunguze, akashuka hadi 920,000, na garanti ya miezi mitatu kwa maandishi. Iliyobaki, 80,000, tulinunua mfuko mzuri na flashi mbili, na chenji tuliirudisha kwa kamati.

Mambo ya kukagua dukani

Haya tuliyajifunza Katwe, tukayafanya Mbarara. Yalichukua saa moja nzima na mama hakukasirika.

Izime kabisa, uiwashe mwenyewe. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji hana, iache.

Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Jaribu kamera, spika, na kila tundu la flashi.

Chomoa chaja, uiache kwa betri muda wote unaokagua. Kwenye Windows kuna amri inayoitwa powercfg /batteryreport. Inatoa karatasi inayoonyesha betri ilizaliwa na nguvu gani na sasa imebaki na ngapi. Ikiwa imebaki chini ya nusu, dai betri nyingine au punguzo. T480 tuliipenda pia kwa sababu ina betri mbili, na ile ya nyuma unaitoa kwa mkono, huhitaji fundi.

Angalia kumbukumbu isiwe chini ya gigabaiti 8, na diski iwe SSD, maana haiogopi mitikisiko ya taksi kama diski ya kuzunguka.

Namba ya mashine iandikwe kwenye risiti. Mashine unayobeba iwe ile uliyoijaribu.

Na kwa familia yenye pesa kidogo: mashine ya kizazi cha 6 si takataka. Mwombe fundi aweke Linux, kama vile Ubuntu, na LibreOffice ya kuandikia. Vyote ni vya bure, na mtoto ataandika kazi zake vizuri. Ila usiilipie bei ya mashine mpya.

Umeme wa nyumbani

Chaja ya laptopu kama yetu ni wati 45 au 65. Ile taa ndogo ya sola yenye tundu la simu haiwezi kuibeba. Sisi tunachaji mchana kwenye sola ya shule, jua likiwa kali. Kama nyumbani huna paneli ya kutosha, uliza kwanza bei ya kuchajisha kwa jirani, uiweke kwenye hesabu kabla hujanunua.

Vumbi letu mnalijua. Baada ya kazi tunaifunika kwa kitambaa na kuiweka ndani ya sanduku la bati. Hakuna chai mezani.

Risiti ina jina la nani

Mama wa duka alipoinua kalamu aliuliza, "Niandike jina lipi?" Tulikuwa tumeshakubaliana kabla ya safari. Aliandika jina la shule. Sisi watano, hakuna anayejua atakuwa wapi mwakani. Mmoja anaweza kupata safari, mwingine anaweza kurudi nyumbani amani ikija, mwingine ataolewa Juru. Mkataba tuliuandika kwenye kitabu cha kamati: kila mwalimu wa shule ana haki ya kuitumia, na anayeondoka anaondoka bila kudai fungu lake. Yule dada wa Amerika ndiye aliyetia sahihi wa kwanza.

Mitihani ya mwisho wa mwaka tuliichapa wenyewe, kurasa zote. Mwanafunzi mmoja wa P.5 alituuliza kama herufi hizo zimetoka kiwandani.

Mwenye kutaka kukaguliwa mashine kabla ya kununua, atupate shuleni siku za kazi baada ya saa kumi jioni. Hatulipishi. Aje na daftari na kalamu.

Tuonane mwezi ujao.

Walimu wenu wa kujitolea, Nakivale